Kisomo cha Mama Zetu

Kijijini kwetu Ukerewe, mwanzoni mwa miaka ya 1970, hapakuwa na kitabu hata kimoja kilichoandikwa kwa ajili ya mtoto mdogo. Palikuwa na Biblia katika nyumba chache, daftari za kaka na dada waliokuwa shuleni, na stakabadhi za pamba zilizochomekwa kwenye fito za paa. Hata hivyo wengi wa rika langu tuliingia darasa la kwanza tunasoma. Hakuna aliyekuwa ametufundisha. Waliofundishwa ni mama zetu.

Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Sensa ya 1967 ilionyesha kwamba watu wazima wapatao 67 katika kila 100 hawakujua kusoma wala kuandika. Ukerewe ikawekwa katika orodha fupi ya wilaya zilizotakiwa kufuta ujinga kabla ya nchi nzima, ifikapo mwisho wa 1971. Mafia, kisiwa kama chetu, nayo ilikuwamo. Nadhani waliopanga waliona kwamba mtu wa kisiwani hana pa kukimbilia.

Darasa lilikuwa chini ya mwembe, alasiri, mihogo ikishaanikwa na maji yakishatekwa ziwani. Mwalimu alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba mwaka mmoja nyuma. Nusu ya wanafunzi wake walikuwa wamempakata akiwa mchanga. Chini ya mwembe walimwita mwalimu na kusimama alipofika. Jua likizama, wale wale walimwita mwanangu na kumtuma kuni. Hakuna upande uliolalamika.

Wanaume walikuja siku za mwanzo, wakapungua. Wanawake walibaki, na wanawake hawaji peke yao. Kila mmoja alikuwa na mtoto mgongoni, mwingine kashika upindo wa kanga, wa tatu anafuata nyuma analia. Siku za kwanza kelele zilimshinda mwalimu, akataka watoto waachwe nyumbani. Waachwe na nani? Lilipokwama jambo hilo ndipo kijiji kilipofanya kazi ambayo hakuna aliyekiagiza. Bibi mmoja, aliyesema macho yake hayawezi tena kuhangaika na herufi, alitandika mkeka upande wa pili wa mti akawa mlezi wa wote. Wasichana wakubwa wakitoka shule walipokezana kumsaidia. Uji ulipikwa kwa zamu, unga ukichangwa kibaba kibaba, na mama aliyejifungua karibuni hakuwekwa kwenye zamu mpaka apate nguvu. Mgonjwa alitembelewa na wanadarasa wenzake, wakamlimia, kisha wakamfundisha kilichompita. Miaka mingi baadaye nilisikia wataalamu wakieleza huduma za namna hii kwa maneno marefu. Kwetu ulikuwa mkeka, sufuria na bibi mmoja mkali.

Sisi wa miaka minne na mitano hatukukaa mkekani. Tuliteleza hadi kwenye magoti ya mama zetu. Vitabu havikutosha, kwa hiyo kimoja kilisomwa na wanawake watatu au wanne, na mtoto alipata nafasi ile tu iliyobaki, mbele yao, akikitazama kitabu kutoka juu. Nikajifunza kusoma herufi zikiwa kichwa chini, miguu juu. Hata leo, mtu akiandika mbele yangu mezani, namaliza sentensi kabla yake, na makarani hawapendi.

Vitabu vyenyewe havikuwa na sungura wala fisi. Kilikuwa kisomo chenye manufaa, kilichotokana na mradi wa majaribio ulioendeshwa Mwanza kwa msaada wa UNESCO tangu 1968, na kiliwafundisha watu herufi kupitia kazi zao: pamba, migomba, ng'ombe, uvuvi, malezi ya nyumbani. Neno lilikatwa silabi, silabi zikatengeneza neno jingine. Basi kabla sijajua kuandika paka nilijua kuandika pamba, na mbolea, na dawa ya wadudu. Nyumbani tulisema Kikerewe, jirani zetu Kijita. Kiswahili chenyewe tulikiokota humo, kikinuka shamba.

Wapo wanaosema vitabu vile vilikuwa vikavu mno kwa mtoto. Siafiki. Kitabu kilituvutia kwa sababu kilimvutia mama. Nilimwona mama akisogeza kidole, akikwama, akirudi nyuma, akicheka mwenyewe neno lilipomfungukia. Hadithi hazikupungua, hizo zilikuwa za usiku, za bibi, na nyingine zilitoka redioni, pale betri zilipokuwa na uhai. Tulichokuwa hatuna ni mtu mzima wa nyumbani mwenye maandishi mkononi, na sasa tukampata.

Manufaa yalionekana upesi. Mama alisoma mwenyewe tarehe kwenye kadi yangu ya kliniki. Shangazi alianza kusimama karibu na mzani wa pamba akitazama mshale na kusoma stakabadhi kabla ya kuikunja, na karani akawa mpole ghafla. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili nchini waliketi katika vikundi kusikiliza redio na kusoma vijitabu. Kwetu kiongozi wa kikundi alikuwa mmoja wa akina mama wa mwembeni, akisoma kwa sauti habari za kichocho, nasi watoto, ambao kila siku tulikuwa tunaoga ziwani, tukisikiliza kwa hofu. Mwaka uliofuata gazeti la Elimu Haina Mwisho lilianza kutoka Mwanza kwa ajili ya wasomaji wapya. Lilisomwa mpaka likachakaa, kisha likafunika daftari zetu.

Kuna jambo ambalo wakati ule sikulijua. Kisiwani humo humo alikuwa akiishi Aniceti Kitereza, mzee aliyekuwa amemaliza mwaka 1945, kwa Kikerewe, riwaya kubwa kuhusu mume na mke wanaotamani mtoto na kisha malezi ya watoto wao. Muswada ulikuwa umekosa mchapishaji. Aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka Dar es Salaam mwaka 1980, naye akafariki 1981. Sisi tulikuwa tunasoma viuatilifu, na kitabu kuhusu watu wetu kimelala sandukuni. Hilo linaniuma mpaka leo.

Nchi nzima ilipopimwa mwaka 1975, wasiojua kusoma walikuwa wameshuka hadi 39 katika kila 100, na kufikia 1986 hawakufika 10. Kisha hali ya uchumi ikawa mbaya, karatasi zikaadimika, posho za walimu zikakoma, na idadi ikapanda tena. Mwembe wetu ulibaki na kivuli bila darasa.

Sera ya elimu ya 1995 ilitaka madarasa ya awali katika shule za msingi, na ile ya 2014 ikaufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima. Ni hatua njema. Ila darasa la awali humpokea mtoto langoni na kumwambia mama arudi nyumbani, na mama asiyejua kusoma hawezi kuendeleza jioni kilichoanzwa asubuhi. Madarasa hayo huwa matupu mchana. Mwalimu mkuu na mwenyekiti wa kijiji mnaosoma haya, yafungueni saa tisa kwa akina mama na watoto wao, tafuteni kijana mmoja aliyemaliza shule, na mbebesheni bibi mmoja ulezi. Kwetu haikuhitaji zaidi ya hapo.