Ulimpa Nani?

Kwetu Rukuriri, kaunti ya Embu, mtu akipata kazi ya serikali huulizwa kabla ya kupongezwa: ulimpa nani? Huulizwa kwa upole, chai ikiwa mezani, na muulizaji hana nia mbaya. Anatafuta njia ambayo mwanawe naye atapitia. Ukimwambia hukumpa mtu yeyote chochote, atatikisa kichwa, atabadilisha mazungumzo, na moyoni atakuwa ameshaamua kuwa wewe ni mchoyo.

Mimi ni mkaguzi wa ndani wa hesabu katika ofisi ya umma upande wa Meru. Niliingia kwa mtihani wa kuandika na mahojiano. Swali hilo limenifuata kwenye harusi, kwenye matanga na hata kanisani.

Tangazo lilitoka kwenye MyGov, lile gazeti la matangazo ya serikali linalotoka Jumanne. Nilipokwenda maktaba ya Embu kuanza kusoma, niliwakuta watu ninaowafahamu wakiwa na nakala ya tangazo lile lile. Karibu wote walikuwa na shahada, wengi walikuwa na cheti cha uhasibu, CPA ya KASNEB, na wote walikuwa wamezunguka vya kutosha na bahasha ya khaki. Badala ya kufichana vitabu tuliunda kikundi. Mmoja alishika Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mwingine Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015, mimi nikachukua Katiba.

Katiba ilinipa raha, kwa maana sura zake nyingine zimeandikiwa nyumbani kwetu. Mtu wa Embu hahitaji kukariri Kifungu cha 181, kile cha kumwondoa gavana. Mwaka 2014 gavana wetu, Martin Wambora, alikuwa wa kwanza nchini kuondolewa na Seneti. Mahakama ikamrejesha, na mwaka 2017 wananchi wakamchagua tena. Jirani zetu wa Meru nao walilipata somo lao: Kawira Mwangaza alinusurika mbele ya Seneti mwaka 2022, akanusurika tena 2023, akaondolewa 2024. Mambo hayo yalibishaniwa kwenye matatu na vinyozini mpaka wauza ndizi wa Nkubu wakaweza kukueleza kazi ya bunge la kaunti inaishia wapi na ya Seneti inaanzia wapi. Sijapata mwalimu wa sheria aliyefundisha vizuri zaidi.

Mtihani wenyewe ulianza kwa maswali ya haraka ya hesabu na maumbo, dakika moja au chini kwa kila swali. Hayo hayana siri: fanya mazoezi na saa ya simu mbele yako, na swali likikukwama liache. Sehemu ya pili ndiyo iliyochambua watu. Tulipewa vocha za mafuta ya gari moja la kazi na kitabu cha safari zake, tukaambiwa tuandike tunachokiona. Wengi, nilikuja kusikia, walieleza kwa kirefu vifungu vya sheria. Mimi niliangalia tangi. Gari lilikuwa na tangi la lita 80, na vocha moja ilionyesha limejazwa lita 110 kwa mkupuo. Siku hiyo hiyo, kitabu cha safari kilisema gari halikutoka.

Jicho hilo sikulipata maktaba. Baba ana daftari la mistari ambalo ameandika humo, tangu nikiwa shule ya msingi, kila kilo ya majani ya chai tuliyopeleka kituoni. Mwisho wa mwezi alinikalisha nisome risiti moja moja huku yeye akifuata kwa kidole, kisha tunalinganisha jumla na karatasi ya malipo. Mara nyingi zililingana. Zisipolingana hakupiga kelele; alikunja risiti, akazitia mfukoni, akaenda kuuliza. Nilidhani ni ubahili wa mzee. Kumbe alikuwa akinifundisha kazi.

Ndiyo maana kilichotokea wiki chache kabla ya mtihani kiliniuma. Bwana mmoja mwenye sauti tulivu alimpigia baba simu. Alijua jina langu na nafasi niliyoomba. Alitaka laki mbili na nusu, nusu kwanza, nusu jina likitoka. Nikikosa, atarudisha kila senti. Baba si mtu wa hongo. Lakini alikuwa na binti aliyekaa muda mrefu nyumbani na shahada yake, na ng'ombe wawili wa maziwa zizini, akaanza kupiga hesabu. Usiku huo tulibishana kama tusivyowahi kubishana. Alisema, "Ukikosa na mimi sikufanya kitu, nitajilaumu mpaka naingia kaburini." Nilimwelewa kabisa, na hapo ndipo palipokuwa pagumu. Kumkatalia adui ni rahisi. Mama, aliyekuwa akimenya viazi bila kusema neno, ndiye aliyefunga mjadala. Aliuliza kama huyo bwana ataandika risiti.

Nilipozoea kazi ya kufuata pesa zinakopita ndipo nilipouona ujanja wake. Dalali wa namna hiyo hahitaji kumjua mtu yeyote ofisini. Achukue pesa kwa waombaji ishirini, kisha akae nyumbani kwake awaache wakasome. Wawili watatu watapita kwa jasho lao, watampigia kumshukuru na kumalizia deni. Waliokosa atawarudishia, angalau baadhi yao, na sifa ya uaminifu wake itafika mpaka Runyenjes. Hakugusa mtihani wowote. Aliuza matokeo yasiyokuwa yake. Tungelipa, leo baba angekuwa shahidi wake mkubwa kijijini, na mimi nisingejua maisha yangu yote kwamba nilikuwa nimeweza mwenyewe.

Sisemi hongo haipo. EACC, tume ya kupambana na ufisadi, haikuundwa mwaka 2011 kwa burudani, na mwaka 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kuwa imepata vyeti ghushi zaidi ya 2,000 katika taasisi za serikali. Ninachosema ni kwamba minong'ono ya hongo hailishwi na hongo peke yake. Hulishwa pia na ushindi wa halali ambao mtu mwingine ameupachika jina lake.

Mtihani wa kazi za serikali ulibuniwa, kwa kweli, ili kulijibu swali la kwetu. Wachina waliutumia kwa zaidi ya miaka elfu moja mpaka wakaufuta 1905. Waingereza waliufikiria sana baada ya ripoti ya Northcote na Trevelyan ya 1854, maana vyeo vilikuwa vikigawiwa watoto na wapwa wa wakubwa. Katiba yetu, Kifungu cha 232, inataka ushindani wa haki na ustahili, kisha hapo hapo inataka jamii zote zionekane kazini. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 nayo inadai angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuingilia ziende kwa watu wasio wa jamii yenye wengi katika kaunti husika. Mimi ni Muembu ninayefanya kazi Umeruni. Unaweza kukisia utani wa mwezi wangu wa kwanza: "Huyu ni wa asilimia 30." Waliutoa kwa Kimeru wakidhani siufuati, ilhali Kimeru na Kiembu ni ndugu wa tumbo moja. Niliwajibu kwa Kiembu, tukacheka, na tangu siku hiyo tunakula chamcha pamoja.

Utani huo haujanikera kama linavyonikera jambo moja lingine. Katika kikundi chetu cha maktaba kulikuwa na dada aliyeijua sheria ya ununuzi kuliko sisi sote. Ndiye aliyenieleza kamati ya tathmini ni nini mpaka nikaelewa. Hakuitwa kwenye mahojiano, na leo anafundisha katika chuo kidogo cha kibinafsi huko Chuka. Kazi yangu ni kudai ushahidi, na kwa ajira yangu mwenyewe nina nusu ya ushahidi tu: najua nililosoma, najua sikutoa shilingi. Alichoandika yeye siku ile, na aliyekisoma alikisomaje, sijui. Nikisikia mtu aliyepita akisema waliokosa hawakujituma, humkumbuka dada huyo na kunyamaza.

Mahojiano sina mengi ya kusimulia. Wazee wanne nyuma ya meza ndefu, na mmoja akaniuliza nitafanya nini mkuu wangu akiniamuru nifunge faili kabla sijamaliza. Nilijibu kwamba mkaguzi wa ndani hupeleka matokeo yake kwa kamati ya ukaguzi. Aliandika kitu, akatazama dirishani. Mpaka leo sijui aliandika nini.

Juzi mtoto wa kaka yangu alikuja na simu mkononi. Ameona nafasi, na inafungwa Ijumaa saa kumi na moja jioni.

"Shangazi, niambie ukweli. Ni pesa ngapi?"

Nilimweleza yote haya, na la dalali nikalirudia. Nikampa vitabu vyangu na karatasi za zamani za KASNEB. Alisikiliza kwa adabu, akazipanga kwenye mkoba, kisha akasimama mlangoni.

"Asante, Shangazi. Lakini nipe na nambari ya mtu."

Nikampa ya mwenye saiba pale stendi ya Embu. Vyeti vyake vyote vilikuwa bado havijaskaniwa, na ilikuwa Alhamisi.