Godoro, Beseni na Asante

Machi 2020, kabla Nairobi haijafungwa, nilirudi nyumbani Nyamasaria na begi moja na godoro. Hoteli niliyofanyia kazi ilikuwa imefunga mlango kwa ajili ya korona. Nikamwambia mama nimekuja kupumzika kidogo. Hakuuliza zaidi, alinipakulia tu ugali.

Mama huuza omena. Mei hiyo Ziwa Victoria lilijaa hadi likapita kile kiwango cha 1964 kilichokuwa kikisimuliwa na wazee, na mto wetu nao ukakosa pa kumwaga maji yake. Usiku mmoja tuliamka yakiwa magotini. Sufuria zinaelea, viatu vinaelea. Magunia mawili ya omena, mtaji aliokopa kwenye chama, yamelowa chapachapa. Omena ikilowa hivyo na jua halipo, hata mwenye kuku haitaki.

Mimi nilishikwa na hasira. Makanisa yenyewe yalikuwa yamefungwa, kwa hivyo hata pa kwenda kulia hapakuwepo. Mama akasimama hapo hapo majini, leso imelowa, akaanza kuomba kwa sauti. "Nyasaye, ero kamano." Mungu, asante.

"Sasa mathe, asante ya nini?" nikamuuliza. Kwa ukali, nakubali.

"Kwamba uko hapa. Haya maji yangenikuta peke yangu."

Nikanyamaza. Kisha ikanitoka: "Mama, kazi iliisha."

"Najua. Mtu akienda likizo habebi godoro. Shika beseni."

Tulichota mpaka kukakucha. Wiki hiyo wenzake wa sokoni walimpa gorogoro tano za omena kwa deni, akaanza tena.

Singependa kukudanganya kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Kazi kama ile sijapata. Kuna usiku naomba na sisikii chochote, ni mbu tu. Lakini tangu siku ile sisubiri tena shida iishe ndipo nimtafute Mungu. Nilimwona mama akimpata ndani ya maji machafu.

Mvua kubwa za 2024 zilipoanza, tulitafuta matofali mapema. Mama anaomba, mimi napandisha magunia. Nilipomsikia amefika kwenye jina langu, niliweka gunia chini kidogo, nikasema amina.