Kiambishi «ni-»

Shirika la Afya Duniani linahesabu kujiua kuwa sababu ya tatu ya vifo vya vijana wa miaka 15 hadi 29. Nilikuwa nikiandika juu ya jambo hilo katika kazi yangu ya mwisho wa masomo. Mwaka 2001 Stirman na Pennebaker walilinganisha mashairi ya washairi waliojiua na ya wengine. Waliojiua walijitaja zaidi kwa nafsi ya kwanza umoja. Mwaka 2017 Facebook nayo ilianza kutumia mashine kutafuta dalili za hatari katika maandishi ya watu.

Swali langu lilikuwa hili: kwa Kiswahili, mashine itahesabu nini? «Mimi» tunaliacha mara nyingi. Nafsi hujificha ndani ya kitenzi: nimechoka, sina, siwezi. Na hapa Bukavu sentensi moja hubeba Kiswahili, Kifaransa na Mashi. Tena, anayesema «nimechoka» huenda amepanda tu mlima wa Kadutu kwa miguu.

Usiku mmoja, nikihesabu viambishi, mwenzangu wa darasa aliniandikia kwenye WhatsApp: «Unisamehe kama nilikukosea.» Nikamjibu kwa kikatuni cha kucheka, nikaendelea kuhesabu.

Baada ya saa moja nilirudi kusoma ujumbe wake wa zamani. Tutasoma, tutapita, tutacheka. Kisha, kwa majuma mawili, «tu-» haikuonekana tena. Nimechoka. Sifai. Siwezi.

Uniti zilikuwa zimeisha. Nikamwamsha mama mwenye nyumba, akanipa simu yake. Niliogopa kwamba nikilitaja neno lenyewe nitampa wazo, ingawa nilikuwa nimesoma kwamba kuuliza wazi hakumtii mtu wazo hilo. Nikauliza: «Unawaza kujiua?»

Alinyamaza, kisha akalia. «Yaya, nilizani hakuna mwenye ataniuliza.»

Sikukata simu mpaka shangazi yake alipoingia chumbani mwake. Asubuhi tulimsindikiza kwa daktari. Leo tunasoma naye, na ameniruhusu kuandika haya.

Kazi yangu niliitetea, nikapewa alama nzuri. Lakini kile kikatuni bado kipo katika simu yangu, sijakifuta. Ninyi wenzangu wa lugha, mkiona «tu-» ya rafiki imepotea, acheni kuhesabu kwanza. Mpigieni.