Vita vya Tanga Juu ya Meza

Katika likizo ya mwezi wa Juni wengi wenu mlisafiri kwenda kwa babu na bibi zenu. Mimi nalibaki hapa hapa Chamazi, nikapigana vita vya Tanga kwa muda wa majuma manne. Msishangae, nitawaeleza.

Mjomba wangu ni seremala, na karakana yake i nyuma ya nyumba yetu. Siku moja alifika mzee mmoja kutoka mjini ambaye hupenda kukusanya askari wadogo wa kuchezea. Wako watu wazima wengi ulimwenguni wenye desturi hiyo, kama wengine wakusanyavyo stempu. Mzee alitaka meza kubwa yenye mfano wa uwanja wa vita vya Tanga vya Novemba 1914, apate kuwapanga askari wake juu yake. Mjomba akakubali, kisha akanigeukia akasema, "Haya mjomba, wewe ndiwe msoma historia. Kazi hii ni yetu sote."

Kwanza ilinibidi niijue habari yenyewe. Tarehe 2 Novemba 1914 meli za Waingereza zilifika Tanga na jeshi la watu kama 8,000, wengi wao askari wa Bara Hindi, chini ya Jenerali Aitken. Wakashuka upande wa Ras Kasone. Wajerumani, chini ya Lettow-Vorbeck, walikuwa kama 1,000 tu, na wengi wao walikuwa askari Waafrika walioletwa upesi kwa gari la moshi kutoka Moshi. Wakapigana katika vichaka na mashamba ya minazi na mipira. Nyuki nao, waliochokozwa na risasi, wakatoka katika mizinga wakawauma watu wa pande zote mbili. Tarehe 5 Waingereza wakarudi melini, wakiacha nyuma bunduki na risasi nyingi mno.

Kisha ikaja hesabu. Ndugu zangu msemao kwamba hesabu haina faida nje ya darasa, sikilizeni. Askari wa mzee walikuwa wamepunguzwa mara 72, hata mtu mzima hakufikia sentimita 2 na nusu. Kwa kipimo hicho kilomita 1 ya ardhi yataka meza ya karibu mita 14! Meza yetu ilikuwa ya mita 3 kwa mita 1 na sentimita 20, yaani urefu wa viwanja viwili vya mpira tu. Kwa hiyo hatukuweza kuuweka mji wote. Tukachagua mahali pamoja, palipochimbwa njia ya reli mashariki ya mji, ambapo mapigano yalikuwa makali. Na kwa kuwa mzee alikuwa na askari 450, tukakata shauri kwamba kila mmoja asimame badala ya watu 20: Waingereza 400, Wajerumani 50.

Tulifanya kosa moja kubwa. Tuliunda meza nzima kwa ubao mmoja wa plaiwudi, tukaupaka mchanga uliochanganywa na gundi na maji. Asubuhi tulikuta ubao umepinda kama jani la mgomba. Juu ya hayo, mlango wa karakana una sentimita 80 tu, wala meza isingepita! Mjomba alicheka mpaka akakaa chini. Tukaanza upya kwa vipande vinne vya sentimita 75 kila kimoja, na chini ya kila kipande tukapigilia mbao za kukaza. Majani tulifanya kwa nyuzi za katani, minazi kwa waya na ukindu, na mizinga ya nyuki kwa vijiti tulivyovitundika mitini. Nyuki wenyewe hatukuwafanya, kwa maana kwa kipimo kile wangekuwa wadogo mno.

Meza ilipokwisha, nikamwita bibi aje kutazama. Aliizunguka mara mbili, mikono nyuma. Kisha akauliza, "Na waliobeba mizigo wako wapi?"

Sikuwa na jibu. Bibi akaniambia jambo nisilopata kulisikia: babu yake alichukuliwa kuwa mpagazi katika vita ile, akaenda na jeshi upande wa Rufiji, asirudi tena. Kaburi lake halijulikani mpaka leo.

Usiku ule sikulala vizuri. Nalijua kwamba kila kampuni ya askari wa Kijerumani ilikuwa na wapagazi wake, na kwamba hata bunduki za mzinga zilikwenda juu ya mabega ya watu. Nalijua pia kwamba wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu katika miaka ile minne, kwa maradhi na njaa zaidi ya risasi. Jina la Kariakoo, tulitajalo kila siku tupandapo daladala, limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Lakini katika masanduku ya mzee hakukuwa na mpagazi hata mmoja. Hata Sanamu ya Askari pale mjini, iliyosimamishwa mwaka 1927, maandishi yake yawataja wapagazi, lakini aliyesimama juu ni askari peke yake.

Nikamwomba mjomba ruhusa ya kuwaongeza. Akasema, "Meza ni mali ya mwenye fedha. Wafanye, lakini uwatie katika kopo. Akija, utasema naye wewe mwenyewe."

Nikafanya wapagazi 30 kwa waya na udongo, na mizigo yao kwa vipande vya njiti za kiberiti. Mzee alipokuja nalimwamkia, nikafungua kopo huku mkono ukitetemeka. Akamtwaa mmoja, akamgeuza-geuza. "Hawa hawana sare," akasema. "Mtu atajuaje ni akina nani?"

Nikajibu, "Mzee, kila ashukaye Kariakoo amekwisha kuwataja."

Akanyamaza kitambo. Kisha akalipa fedha ya meza, akalitia kopo mfukoni, akasema, "Usiwagandishe. Nitafikiri." Sikujua kama nimeshinda au nimeshindwa.

Shule ilipofunguliwa nalimsimulia mwalimu wetu wa historia. Akaniambia kwamba yuko Mwingereza mmoja, William Siborne, aliyefanya mfano mkubwa wa vita vya Waterloo, ulioonyeshwa London mwaka 1838 na hata leo umehifadhiwa huko. Naye alisumbuka sana, kwa sababu wakubwa hawakupendezwa na mahali alipowaweka askari wa Prussia. Nalifarijika kusikia kwamba ugomvi wa nani awekwe mezani, na wapi, si wangu peke yangu.

Majuma matatu baadaye mzee alimwita mjomba akatengeneze mnazi mmoja ulioanguka, nami nikafuatana naye. Wapagazi wangu walikuwapo mezani, mstari mrefu nyuma ya reli, wote 30. Nikataka kumsogeza mmoja aliyekaribia mno ukingoni. Hakusogea. Mzee alikuwa amemgandisha kwa gundi.

Nikarudi nyumbani nikampa bibi habari. Hakusema neno ila, "Wamefika, basi," akaendelea kuchambua mchele.

— Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu