Mwenzangu

Kwa miaka saba nilimpigia Mama simu kila Jumapili kutoka Rotterdam, na katika miaka yote hiyo sikumwambia uongo hata mmoja. Nilikuwa na Kiswahili. "Mwenzako hajambo?" aliuliza. "Hajambo, Mama, anakusalimu sana." Yuko jikoni, amelala, ana mafua, amekwenda kazini: hamna neno kati ya hayo linalofichua kama anayetajwa ni mume au mke. Mholanzi hana bahati hiyo. Akitaka kumtaja mtu asiyekuwapo, lazima aseme "hij" kama ni mwanamume, "zij" kama ni mwanamke. Siku mwalimu wa lugha aliponitaka niwaeleze wanafunzi wenzangu ninaishi na nani, nilikwama katikati ya sentensi, jasho likinichuruzika mgongoni mwezi wa Januari. Mswahili anaweza kuishi umri wake wote ndani ya neno "yeye".

Nimezaliwa Likoni mwaka 1978, ng'ambo ya feri. Mtaani kwetu alikuwapo bwana mmoja ambaye harusi haikuwa harusi bila yeye. Ndiye aliyepamba chumba cha bibi harusi, akatunga asumini, akajua nani akae wapi na nani asikaribiane na nani. Kila mtu aliyajua mambo yake na hakuna aliyeyasema. Alipopita, wanawake walimwita kwa heshima, wanaume walimjibu salamu, na vijana wa maskani walingoja apinde kona ndipo wacheke. Hiyo ndiyo sitara tuliyolelewa nayo: mtu husitiriwa madamu naye amejisitiri.

Mama na jirani yetu waliitana shoga kutwa nzima. Shoga, umeamkaje? Shoga, una chumvi? Nikiwa darasa la sita wavulana wenzangu walinirushia neno hilohilo njiani, na kicheko chao kikanifuata hadi uchochoroni kwetu. Nilipofika nyumbani nilimkuta Mama uani akilisema kwa mapenzi, nikasimama mlangoni nisijue niingie au nirudi nje.

Nilikwenda Uholanzi kusoma Septemba 2001. Miezi mitano kabla yake, usiku wa kuamkia tarehe 1 Aprili, meya wa Amsterdam, Job Cohen, alikuwa amefungisha ndoa jozi nne za watu wa jinsia moja, na Uholanzi ikawa nchi ya kwanza duniani kuziruhusu ndoa hizo kisheria. Mimi sikuwa na habari. Nilichokitambua nilipofika ni winchi. Bandari ya Rotterdam ilijaa winchi kama zile za Kilindini nilizozitazama utotoni nikiwa ndani ya feri, na kwa kijana aliyefika na sanduku moja, hilo lilitosha kumtuliza moyo.

Mwenzangu nilikutana naye mwaka uliofuata. Maisha yetu yalikuwa ya kawaida kabisa, na hilo ndilo lililonishangaza zaidi kuliko sheria yoyote. Nilipomaliza masomo nikapata kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Niliamka saa kumi na moja, nikapanda baiskeli kwenye mvua, nikarudi mchana kumkuta ameacha supu jikoni. Jumamosi tulikwenda sokoni Afrikaanderplein, wanakouza muhogo, ndizi za kupika na nazi. Safari yangu ya kwanza ya kwenda nyumbani, nilirudi Rotterdam na mbuzi ya kukunia nazi ndani ya sanduku, nimeufunga ulimi wake kwa matambara ya leso. Mwenzangu aliijaribu siku hiyohiyo. Alijikata kidole mara mbili kabla ya kujua namna ya kukizungusha kifuu, lakini hakuiacha. Harufu ya wali wa nazi ikawa ndiyo harufu ya ngazi zetu.

Simu nilipiga kutoka duka la simu la West-Kruiskade, baadaye kwa kadi za kukwangua, baadaye kwa rununu. Dukani kulikuwa na vibanda vya mbao, na katika kila kibanda mtu akipiga kelele kwa lugha ya kwao. Mimi nilinong'ona. Hapana Mswahili aliyekuwa akinisikiliza, lakini nilinong'ona tu.

Kuna siku moja siisahau. Ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa ya mwenzangu, nyumbani kwa wazazi wake. Waholanzi hukaa wakiwa wamepanga viti duara, na kila anayeingia huzunguka akimpa mkono kila mtu. Hawampongezi mwenye siku yake peke yake. Humpongeza mama yake, dada yake, na mkewe au mumewe pia. Shangazi mmoja mzee akanifikia, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akaniambia hongera kwa siku ya mwenzako. Akaendelea na kiti kinachofuata. Kwake lilikuwa jambo dogo. Mimi nilitoka nikaenda chooni, nikafunga mlango, nikalia. Miaka ishirini na mitano nilikuwa sijawahi kupongezwa na mtu yeyote kwa sababu ya ninayempenda.

Lakini Waholanzi nao hawakuzaliwa hivyo. Hilo nilifundishwa na mzee mmoja niliyekuwa nikimwogesha kila asubuhi. Ukutani kwake palikuwa na picha ya mwanamume aliyeshika baiskeli, na mimi sikuuliza. Siku moja, nikimfunga vifungo vya shati, akaniambia mwenyewe: huyo waliishi pamoja miaka thelathini na minane, na kwa majirani alikuwa mpangaji. Mpaka mwaka 1971 Uholanzi ilikuwa na sheria iliyoweka umri wa kuridhia mapenzi kuwa miaka 21 kwa watu wa jinsia moja, hali wengine waliruhusiwa kuanzia miaka 16, na mzee huyu alikumbuka hofu ya kugongewa mlango na polisi. Mwenzake alipofariki, kazini walimpa nusu siku ya mapumziko, kwa kuwa mpangaji si jamaa. Nilimaliza kufunga vifungo vyake. Nikajua kwamba yeye naye alikuwa na neno lake la kujifichia kama mimi, na kwamba uhuru niliokuwa nikiula ulipatikana ndani ya umri wa mtu mmoja, umri wa huyu niliyekuwa nikimvisha soksi.

Mwaka 2009 tukaenda kwa msajili, na hapo ndipo Kiswahili changu kiliponikatikia mkononi. "Yeye" halina jinsia, lakini ndoa inayo. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Nikisema nimeoa, Mama angetandika mkeka na kuwaita jamaa wasikie habari za mkamwana. Nikisema nimeolewa, ningekuwa nimemtupia neno zito asilojua pa kuliweka. Nilitembea kando ya mto Maas nikiyapima maneno hayo hadi nikapata moja.

"Mama, tumeoana."

Simu ikanyamaza. Nikasikia kuku uani, nikasikia pikipiki ikipita.

"Nani kamuoa mwenziwe?"

"Tumeoana tu, Mama."

Akanyamaza tena, muda mrefu zaidi. Kisha akasema, "Mungu awasitiri," akaniuliza kama huko baridi imeanza.

Miezi michache baadaye, Februari 2010, uvumi wa harusi ya wanaume wawili ulizuka Mtwapa. Umati ukaingia mitaani, watu wakapigwa, kituo cha afya kikavamiwa. Mama alinipigia mwenyewe, jambo ambalo hakuwa akilifanya kwa sababu ya gharama. "Mwanangu, lile neno ulilonambia, usimwambie mtu mwengine." Nikamwahidi. Tangu siku hiyo aliendelea kuuliza habari za mwenzangu, ila sasa aliuliza kwa sauti ya chini. Tulikuwa tunanong'ona wawili.

Nyumbani mambo yalikwenda mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Januari 2014 mwandishi Binyavanga Wainaina alijitangaza hadharani kuwa anawapenda wanaume, nikaisoma habari yake usiku wa zamu, wazee wamelala. Mwaka 2018 filamu ya Wanuri Kahiu, "Rafiki", ilipigwa marufuku Kenya kisha ikaruhusiwa kwa siku saba tu. Jina lile nililielewa kabla sijaiona filamu, kwani wangapi kati yetu wamemtambulisha mpenzi wao kama rafiki! Tarehe 21 Mei 2019 Binyavanga akafariki. Siku tatu baadaye Mahakama Kuu ikakataa kuvifuta vifungu vya kuharamisha mapenzi ya jinsia moja vilivyoachwa na Waingereza, ambavyo adhabu yake hufika miaka 14 jela. Nilikuwa jikoni, mwenzangu akinitazama bila kujua aseme nini. Nilihisi nimefiwa mara mbili wiki moja.

Watu huniuliza kwa nini nilirudi, kana kwamba nilikuwa na kila kitu. Nilikuwa na mengi. Lakini katika miaka ishirini ya Rotterdam hakuna aliyenijua kwa jina la baba yangu. Nikiugua, waliokuja walipanga kwanza siku na saa. Nilijulikana kwa jambo moja lililofichwa nyumbani, na mengine yote niliyo, mtoto wa fulani, mjukuu wa nahodha wa jahazi, yalikuwa hayajulikani kwa mtu. Nyumbani ilikuwa kinyume chake. Mimi nilitaka kujulikana mzima. Kisha Mama akaanguka bafuni akavunjika nyonga, na maswali yakaisha.

Nilirudi Februari 2021, watu wamevaa barakoa, na daraja linaloelea la Liwatoni limefunguliwa mwezi uliotangulia. Nilivuka kwa miguu jioni moja pamoja na mamia ya watu, maji yakipiga chini yetu, upande wa pili zikionekana zilezile winchi za utotoni. Nilikuwa na furaha na nilikuwa peke yangu. Ibara ya 45 ya Katiba ya 2010 inasema kila mtu mzima ana haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsia tofauti. Cheti chetu cha Rotterdam hakina kazi hapa. Mwenzangu huja kama mtalii, kwa miezi mitatu, kisha hurudi kwao. Alipokuja mara ya kwanza, uwanja wa ndege afisa aliniuliza huyu ni nani wangu. "Mwenzangu," nikasema. Akaelewa tumekuja kikazi, akatupisha. Usiku ule sikulala. Neno lilelile lililonibeba miaka yote liliniuma, kwa kuwa nililitumia tena kama pazia.

Safari ile ya kwanza Mama alimwita mgeni. Alimpa kitanda kizuri, akamchagulia minofu ya samaki, akawaambia majirani huyu ni mgeni wetu kutoka ng'ambo. Sikumlaumu.

Tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua, majaji watatu kwa wawili, kwamba haikuwa haki kukataa kulisajili shirika la kutetea watu kama mimi. Wengine walidhani ndoa zimehalalishwa, ingawa hukumu haikugusa ndoa wala vile vifungu. Moto ukawaka. Misikitini, makanisani, redioni, kwenye matatu, kila mahali likawa jambo hilo, na mbunge mmoja akaandaa mswada wa kuongeza adhabu. Nilikaa ndani wiki mbili. Mama alisikiliza redio yote bila kuizima na bila kusema kitu. Nilimwandikia mwenzangu asije mwaka ule. Mama ndiye aliyeniuliza mbona haji. Nilipomweleza, akasema, "Mwambie aje. Nyumba hii nimeijenga mimi."

Akaja Desemba. Asubuhi ya pili, Mama alikuwa uani kwenye kiti chake akichagua mchele kwenye uteo, na mwenzangu ameketi juu ya mbuzi, mikono ya shati ameikunja, akikuna nazi. Jirani aliingia kwa mlango wa nyuma kama alivyoingia tangu sijazaliwa. Akasimama. Mwanamume, tena Mzungu, juu ya mbuzi.

"Shoga, huyu kafunzwa na nani?"

Mama akanitaja mimi.

"Kaoa?"

Nilikuwa nimeshika ndoo ya maji. Mama hakuinua macho. Alitoa jiwe dogo kwenye mchele, akalitupa kando.

"Wameoana," akasema.

Alilisema kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kuombea chumvi. Lilikuwa neno langu, nililolitafuta kando ya mto miaka kumi na minne nyuma, naye alikuwa amelihifadhi muda wote huo bila kulipunguza herufi. Hapo nikaelewa kwamba niliikosea lugha yangu. Kiswahili hakikuwa kimenificha. Mimi ndiye niliyejificha ndani yake, na Mama alikuwa amenifuata mpaka humo, akakaa nami. Sitara niliyoiogopa utotoni ilikuwa ya kufunika aibu. Hii yake ilikuwa ya kumkinga mtu.

Jirani alinitazama mimi, akamtazama yeye, akamtazama shoga yake wa miaka hamsini. Nilimwona akipima. Kisha akavuta kigoda, akaketi karibu na mbuzi, akainama juu ya sinia.

"Mwanangu," akamwambia, "usikune mpaka kwenye kifuu. Tui litakuwa jeusi."

Mwenzangu akakizungusha kifuu, akaanza upande wa pili.