Maji Hayana Umoja

Katika vitabu vya sarufi, neno maji huwekwa katika ngeli ya YA-YA pamoja na mate, marashi na manukato. Mwanafunzi huelezwa kwamba nomino za ngeli hii hazina umoja. Hakuna aliyewahi kuteka ji moja. Kanuni hiyo hukaririwa, huandikwa katika mtihani, kisha husahaulika. Hata hivyo, kwa wakazi wa mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kanuni hiyo ina ukweli unaouzidi ule wa sarufi. Huko maji hayana umoja kwa sababu hayamhusu mtu mmoja. Yanapokuja, huja kwa ploti nzima. Yanapopotea, humpotea aliyelipa kodi na asiyelipa.

Jiji lenyewe lilipata jina kutokana na neno hili. Nairobi ni jina lililotoka katika maneno ya Kimaasai, Enkare Nairobi, yaani maji baridi. Reli ilipofika hapo mwaka wa 1899, palikuwa na mto na kinamasi. Mji ulipokua, wafanyakazi Waafrika walitengewa upande wa mashariki, ikajengwa mitaa kama vile Pumwani, Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni na Makongeni. Baada ya uhuru ikafuata Buruburu, Umoja, Dandora na Kayole. Mtu akiyasoma majina ya upande huo bila kuufika, atadhani kwamba Ziwani kuna ziwa, na kwamba Pipeline, mtaa uliopewa jina la bomba, ndiko yasikokatika maji. Akifika atakuta mitungi ya manjano ya lita 20 imepangwa foleni mbele ya mfereji, na wenye mitungi wamekaa kando wakisubiri.

Katika foleni kama hiyo, mtaani Kayole, alikulia msichana mmoja ambaye baadaye alikwenda chuo kikuu kusomea Kiswahili. Mama yake alikuwa mama fua. Kila asubuhi alikwenda kufua nguo katika nyumba za watu, Komarock au Buruburu, na kulipwa jioni. Maji yalikuwa ndicho chombo chake cha kazi, kama jembe kwa mkulima. Siku ambayo mifereji ya huko ilikauka, hakuitwa na mtu, na jioni hiyo watoto waliujua ukame kabla ya kuusoma katika kitabu cha jiografia.

Shuleni, msichana huyo alifunzwa methali za maji kwa orodha. Maji yakimwagika hayazoleki. Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Maji hufuata mkondo. Mfa maji haishi kutapatapa. Ukiyavulia maji nguo huna budi kuyaoga. Ni methali za watu walioishi kando ya bahari na mito, waliojua maji mafu na bamvua, na waliopima kina kwa pondo kabla ya kushuka chomboni. Alipotakiwa mtihanini kuandika kisa kinachodhihirisha ukweli wa methali ya mfa maji, aliandika kuhusu mvuvi na ngalawa yake. Hakuwa amewahi kuiona bahari wala ngalawa. Alipata alama nzuri, na hakuna aliyemuuliza alikoitoa ngalawa hiyo.

Nyumbani, methali hizo hizo zilikuwa na maana nyingine. Mwalimu alifundisha kwamba maji yakimwagika hayazoleki ni funzo la majuto: lililotendeka limetendeka, basi mtu asilie. Katika chumba cha mama fua, maji hayakumwagwa. Yaliyosuuza nguo nyeupe yalifulia za rangi. Yaliyofua za rangi yalipigia sakafu deki. Yaliyopiga deki yalimiminwa chooni. Ndoo moja ilifanya kazi nne kabla ya kuondoka nyumbani. Mtoto aliyepiga teke karai hakuambiwa methali ili afarijike. Aliambiwa ili auchukue mtungi arudi foleni. Methali iliyozaliwa kuwaliwaza watu iligeuka kuwa onyo, na hakuna neno lake hata moja lililobadilishwa.

Vivyo hivyo msemo kwamba maji hayapandi mlima. Darasani ulieleza maumbile ya mambo: kila kitu kina njia yake, na mdogo hamwamuru mkubwa. Huko Kayole na Pipeline, ambako nyumba za kupangisha zimepandishwa ghorofa juu ya ghorofa, maji hupanda mlima kila siku, tena kwa miguu. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini huko Murang'a, lililokamilika mwaka wa 1994. Huteremka kutoka milimani hadi jijini kwa uzito wake yenyewe. Safari ndefu kuliko zote huyagharimu nguvu kidogo tu; ngazi za mwisho ndizo hudai mgongo wa mtu.

"Mama, ghorofa ya nne ni bei nyingine," msukuma mkokoteni alikuwa akimwambia mama fua.

"Mwanangu, kwani maji yameongezeka uzito tangu uyafikishe mlangoni?"

"Maji ni yale yale, mama. Ni ngazi."

Mama alicheka, akalipa. Jioni aliwaambia wanawe kwamba maji hayapandi mlima, mlima ndio huyanunua. Hakuna kamusi yenye maneno hayo. Mtu aliyeishi ghorofa ya nne, hata hivyo, hahitaji kufafanuliwa.

Kuna misemo mingine ya maji ambayo haikuhitaji kugeuzwa, kwa kuwa tangu mwanzo ilikuwa ya jikoni wala si ya baharini. Maji yamezidi unga ni mmojawapo. Kila aliyewahi kusonga ugali kwa unga wa mwisho wa mwezi anajua hali inayosemwa: sufuria inachemka na pakiti imeisha. Maji ya kifuu, bahari ya chungu, nayo ni methali ya pwani, nchi ya minazi, ila haikupotea njia ilipofika bara. Mtungi mmoja, ambao kwa mwenye tangi juu ya paa si kitu, ndio bahari ya jamaa ya watu watano kwa siku nzima. Upo pia utani wa lugha usiomchekesha kila mtu. Kupiga maji au kukata maji ni kulewa, na wapo akina mama waliosema, wakiwa wamesimama foleni, kwamba katika mtaa wao maji ya aina hiyo ndiyo hayajawahi kukatika.

Damu nzito kuliko maji ni usemi uliotoka Kiingereza, ukapokelewa kote nchini, na sasa husemwa matangani kana kwamba uliachwa na mababu. Ndani ya ploti haukubaliwi bila pingamizi. Jirani anayegonga mlango usiku wa manane kukuarifu kwamba mfereji unatiririka, au anayekuwekea mtungi wako katika foleni ukiwa kazini, si wa damu yako. Wahenga walikwisha kusema kwamba heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali. Mizani ya damu na maji hutegemea anayepima ana kiu kiasi gani.

Kilio cha usiku huo, "Maji imerudi!", kina makosa ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huyaona mara moja. Upatanisho wa kisarufi unadai maji yamerudi. Lakini kosa hilo lina jambo la kutazamwa. Katika usemi wa mitaani, maji hayakatiki, hupotea. Hayafunguliwi, hurudi. Yanasemwa kama msafiri asiyeaga aondokapo wala kutoa taarifa ya kurejea. Msamiati huu umebeba maarifa ya watu wasioshirikishwa katika kupanga ratiba ya mgao, nao wamejifunza kuyapokea maji kama anavyopokewa mgeni. Mhadhiri ana haki ya kusahihisha ngeli. Akiishia hapo, atakuwa amesahihisha sentensi na kuiacha habari iliyomo.

Chuoni, msichana wa Kayole aliwahi kuleta katika semina ya fasihi simulizi misemo kadhaa ya mama yake. Mmoja ulikuwa huu: foleni ya mfereji haina mkubwa. Ulitajwa kwa masikitiko, kwa sababu katika foleni hiyo hata ajuza husimama nyuma ya kijana wa darasa la sita. Darasa liligawanyika. Baadhi walisema hiyo si methali, maadamu haikuachwa na wahenga wala haimo katika kamusi yoyote. Wengine waliuliza wahenga ni akina nani, na walikuwa na umri gani walipoanza kuitwa hivyo. Aliyesema mara ya kwanza kwamba maji yamezidi unga hakosi alikuwa mpishi aliyekabiliwa na sufuria, na siku hiyo hakuna aliyemwita mhenga. Mjadala ulikwisha kwa kengele, bila uamuzi.

Suala hilo si dogo. Eastlands hutajwa mara nyingi kuwa chimbuko la Sheng, na kwa sababu hiyo vijana wa huko hupokelewa katika madarasa ya Kiswahili kama watu wanaohitaji kusafishwa ulimi. Wengi hujifunza upesi kuacha lugha ya nyumbani langoni na kuandika kuhusu ngalawa. Faida yake ni alama. Hasara yake ni kwamba methali hubaki kuwa urithi wa kutunzwa, ilhali umma ulio jirani na chuo unaendelea kuzitunga bila wa kuziandika.

Wakati mwingine, methali hurudia maana yake ya kwanza na kukoma kuwa pambo. Mvua za masika za mwaka wa 2024 zilipozidi, mito ya Nairobi ilifurika mwezi wa Aprili na Mei. Watu walifariki, na maelfu walipoteza makao, hasa waliojenga kandokando ya mito katika mitaa kama vile Mathare na Mukuru. Watu wale wale walionunua maji kwa mtungi waliyaona yakiingia mlangoni bila malipo, yakichukua godoro na sare za shule. Katika siku hizo, mfa maji hakuwa mhusika wa insha. Alikuwa jirani mwenye jina.

Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika Kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na kuwa lugha ya taifa. Katika Kifungu cha 43, Katiba hiyo hiyo inampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Wapenzi wa Kiswahili husherehekea kifungu cha kwanza, na ni haki yao. Wakazi wa Kayole wanavihitaji vyote viwili, kwa kuwa madai ya maji yanapaswa kusemwa kwa lugha, na lugha wanayoidai kwayo ni hiyo ya foleni ya mfereji.

Basi vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina kazi ambayo haihitaji ufadhili mkubwa. Mwanafunzi akirejea nyumbani likizoni, na aandike misemo ya maji anayoisikia: nani aliyeisema, alikuwa akimwambia nani, mahali gani, na jambo gani lilikuwa likitendeka. Aandike maneno yalivyotamkwa, ngeli zikiwa sawa au zikiwa kombo, kisha afafanue. Akimaliza maji, aingie katika unga, stima na kodi ya nyumba. Baadhi ya misemo hiyo itakufa kabla ya mwaka kuisha, kama zilivyokufa methali nyingi ambazo hatuna habari nazo. Itakayobaki itahitaji mtu aliyeisikia ikiwa changa, na mama fua wa Kayole hana nafasi ya kuiandika mwenyewe.