Vyuma Viwili vya Pikipiki ya Marehemu



Ndugu wasomaji, khabari nitakayoieleza hapa ni ndogo, nayo yanihusu mimi mwenyewe. Nimesita sana kabla ya kuiandika, kwa kuwa aibu iliyomo ni yangu. Lakini mwalimu aliyekosea mbele ya wanafunzi wake sioni kama ana haki ya kulificha kosa lake mbele ya wazee wao.

Nafundisha katika vyuo viwili. Kimoja kipo mtaani kwetu, na cha pili kipo katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la mkonge, upande wa kusini wa mji wa Tanga, na baina yake pana mwendo wa kilomita 14 hivi. Huenda huko siku tatu kwa juma, baada ya sala ya Alasiri, kwa pikipiki yangu aina ya Boxer, na nusu ya njia hiyo ni kijia kipitacho katikati ya mistari ya mkonge. Kwa asiyeujua mmea huu, ncha ya kila jani lake ni mwiba mweusi, mgumu kama sindano ya kushonea magunia. Wala si mmea wa asili ya kwetu. Uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani aitwaye Richard Hindorf kutoka Florida, huko Marekani, na miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa karibu na Pangani. Miche 62! Kila nipitapo huwaza kwamba wajukuu wa miche ile wamejipanga wakiningoja mimi.

Katika masika ya mwaka 2024 majani yalilala njiani kwa wingi wa mvua, na jioni moja mwiba uliniingia mgongoni mwa mkono wa kulia, chini ya kidole cha kati. Mkono ukavimba. Kwa siku tisa sikuweza kushika chaki, na breki ya mbele nilikuwa nikiishika kwa vidole viwili tu, jambo ambalo halimfai mtu mwenye akili timamu. Tumekatazwa kujitosa katika maangamizo, na aya yenyewe ya Suratul Baqarah, aya ya 195, imeitaja mikono yetu.

Yupo kijana fundi wa pikipiki ambaye mimi ndimi niliyemfundisha alifu kwa ujiti. Aliponiona na kitambaa mkononi alisema, "Shikamoo, Maalim. Umepatwa na nini?"

"Marahaba, mwanangu. Mkonge."

"Basi pikipiki yako yataka kinga za mikono. Lakini usinunue zile za plastiki, Maalim, mkonge utazimaliza kwa mwezi mmoja. Tafuta za Yamaha AG."

Hiyo Yamaha AG 100 ni pikipiki iliyotengenezwa kwa kazi za mashamba, na mabwana shamba wengi walipewa zamani. Kinga zake ni vyuma vilivyopindwa vikauzunguka mkono wa breki upande mmoja na mkono wa klachi upande wa pili. Nami nilijua ilipo moja. Bwana shamba mmoja, jirani yetu, alikufa mwaka 2022, na pikipiki yake, ambayo aliinunua alipostaafu, ilikuwa imeegemezwa chini ya mwarobaini uani kwake, injini imekufa, kuku wanalala juu ya kiti chake.

Nilipofika pale nilimkuta ndugu yake marehemu, ambaye tangu siku ya msiba alikuwa ndiye msemaji wa mambo ya nyumba ile. Nikamweleza haja yangu, nikamwuliza bei. Akacheka, akasema, "Bei gani, Maalim? Hivyo ni vyuma chakavu, na wewe wawafundisha watoto wetu Kurani. Chukua, na thawabu zimfikie marehemu." Nikamwombea dua marehemu, nikaenda zangu nimefurahi. Ndugu wasomaji, mimi ni mtu ninayefundisha mirathi kila mwaka. Nawachoreshea watoto mafungu ubaoni, thumuni na sudusi, hata walegevu wao wanayajua. Siku ile haikunipitia kichwani hata kidogo.

Kazi ya kuvifunga vyuma vile niliidhania kuwa ni ya kufungua huku na kukaza kule. Unene wa bomba la usukani ni mmoja kwa pikipiki zote mbili, milimita 22, na hilo ndilo lililotudanganya. Usukani wa AG ni mpana zaidi, na mpindo wake ni mwingine. Tulipokaza chuma cha kulia kama kilivyokuwa kwao, ncha yake iliugusa mpira wa mkono wa mafuta. Fundi akauzungusha, akauachia, usirudi. Akanitazama. "Umeona, Maalim? Hapa ungefika kona, umeachia mafuta, na pikipiki yaendelea kukimbia." Mkono wa mafuta yapasa ukiachiwa urudi wenyewe mara moja, bila ya kusaidiwa.

Akakisogeza chuma mbele. Sasa kikawa kinaulemea mkono wa breki, na tairi la mbele likawa zito kuzunguka, kwa maana breki ilikuwa imejishika kidogo muda wote. Akavifungua vyote viwili, akavipeleka kwa mchomeleaji, akavikata vibano vya asili na kuchomelea vipya vilivyokaa pembeni kidogo. Chini ya kila kibano akaweka kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli ili chuma kishike wala kisizunguke. Akaacha nafasi ya kidole kimoja baina ya kinga na ncha ya mkono wa breki, na nafasi ya kidole kimoja baina ya kinga na mpira wa mafuta.

Nilidhani tumekwisha. Yeye akaiwasha injini, akaiacha ingurume taratibu, kisha akauzungusha usukani kulia mpaka mwisho, na kushoto mpaka mwisho. Ulipofika mwisho wa kushoto injini ikapiga kelele yenyewe. Kibano kipya kilikuwa kinaubana waya wa mafuta na kuuvuta. Mtu ageuzaye pikipiki yake uani pasipo na nafasi angejikuta amerukia ukuta. Ikabidi waya upitishwe njia nyingine, nyuma ya kibano, na jaribio lirudiwe mara tatu. Kazi niliyoidhania ya nusu saa ilichukua tangu asubuhi hata adhana ya Adhuhuri. Nilimtazama kijana yule kwa furaha, kwa kuwa imepokewa ya kwamba Mwenyezi Mungu hupenda kazi ya mja iwe kamili, na hadithi hiyo alijifunza kwangu akiwa na miaka tisa, akiisoma huku anasinzia.

Kinga zile zilifaa. Kwa miezi mitatu nilipita katika mkonge nikiusikia ukigonga vyuma, nami naendelea na nyiradi zangu.

Mwezi wa nne tulifika katika tafsiri ya Suratun Nisaa, katika chuo cha mtaani. Nilikuwa nawaeleza watoto maana ya aya ya 10, namna walao mali ya mayatima kwa dhuluma walivyoonywa kwamba wanakula moto matumboni mwao. Nikauliza kama yupo mwenye swali. Mtoto wa miaka kumi akanyosha mkono. Baba yake ni yule bwana shamba.

Akasema, "Maalim, vile vyuma vya pikipiki yako ni vya baba."

Hakusema kwa ubaya. Nadhani alitaka tu kunionyesha kwamba amevitambua, kwani alikuwa akipakiwa mbele na baba yake, na chuma cha kushoto kina alama ya kipigo alichokiona kikitokea. Lakini chuo kizima kiligeuka kuitazama pikipiki mlangoni, kisha kikageuka kunitazama mimi. Nikasema, "Umesema kweli, mwanangu." Sikupata neno jingine. Nikawaruhusu mapema.

Hesabu niliifanya njiani, na haikuchukua hatua ishirini. Marehemu hakuacha wazazi. Ameacha mke, watoto wa kiume wawili na wa kike mmoja. Palipo na mtoto wa kiume, ndugu wa marehemu hana fungu. Basi yule aliyenipa vyuma vile hakuwa na haki hata ya nati moja ya pikipiki ile. Na wenyewe ni mjane, kijana wa miaka ishirini, na watoto wawili wasiobaleghe, ambao hata wangeniambia "chukua" kwa ndimi zao, idhini yao isingenifaa kitu.

Usiku ule nilimwendea mjane, nikiwa pamoja na mke wangu. Alisema, "Maalim, mimi niliona vimeondoka, nikanyamaza. Ningesema nini, na shemeji ndiye aliyetoa, na wewe ndiwe mwalimu?" Neno hili lilinichoma kuliko mwiba. Heshima ya kanzu yangu ndiyo iliyomfunga mdomo, na hali nilikuwa nimeivaa kanzu ile miaka yote nikidhani kuwa yawafungua watu midomo.

Nilitaka kuvirudisha kesho yake. Lakini vibano vya asili vilikuwa vimekatwa, na kumrudishia mtu kitu chake kimeharibika si kumrudishia. Nikaenda kwa kadhi. Alinisikiliza, akaniambia kwamba kutojua au kughafilika kwaweza kumwondolea mtu dhambi, lakini hakumwondolei dhamana. Kitu cha watu ukikitumia, utalipa na ujira wa siku ulizokitumia. Kisha akauliza maswali ambayo mimi sikuwa nimeyafikiri. Je, madeni ya marehemu yamelipwa? Yamelipwa. Aliacha wasia, au alimweka mtu wa kuwasimamia watoto? Hakuacha. Basi yeye kadhi ndiye atakayewaangalia katika jambo hili. Je, pikipiki ikiuzwa bila ya vyuma hivi, bei yake itapungua? Fundi akaitwa, akaeleza mbele yetu kwamba injini ile haifai tena, na kwamba pikipiki ile itauzwa kwa vipande, kila kipande kwa bei yake. Mafundi wengine wawili wakavithamini vyuma kama vilivyokuwa kabla ya kukatwa: shilingi 34,000. Ujira wa miezi mitatu ukawekwa 6,000.

Shilingi 40,000 zikagawiwa palepale. Mjane thumuni, 5,000. Kila mtoto wa kiume 14,000, na binti 7,000. Kijana mkubwa aliridhia kwa simu, akapelekewa zake. Za wadogo ziliandikwa katika daftari, na mama yao akakabidhiwa mbele ya mashahidi wawili. Ndugu wa marehemu alikuwepo, akakasirika, akasema kwamba nimemwaibisha kwa vyuma chakavu. Nilimwomba radhi kwa kuwa sikumwendea yeye kwanza, na hilo kweli lilikuwa kosa; katika lile jingine sikuwa na la kumpa. Hata leo salamu yake kwangu ni fupi.

Baada ya hapo kadhi aliamrisha vitu vyote vya marehemu viorodheshwe: cherehani, baiskeli, vitabu vya kilimo, miti minne ya minazi, na pikipiki yenyewe. Kumbe muda wa miaka miwili hapakuwa na aliyegawa hata kikombe, na watu kadha wa kadha tulikuwa tumeingia na kutoka nyumba ile tukichukua hiki na kile kwa dua na maneno mazuri. Jembe la kukokotwa na ng'ombe limekwisha kurudi. Pampu ya kunyunyizia dawa bado inatafutwa.

Chuoni, Jumamosi iliyofuata, niliwaambia watoto yote haya kama nilivyowaambia ninyi, pamoja na hesabu yake ubaoni. Yule mtoto aliinama muda wote. Baadaye alinifuata nje, akauliza kama fedha zile zatosha kununua spana. Nikamwambia zatosha kununua namba 10, nayo ndiyo ya bolti za vibano, lakini fedha ni amana, na mama yake na kadhi ndio wa kuulizwa. Waliulizwa, wakakubali.

Chuma cha kushoto hulegea kila baada ya siku kumi au kumi na mbili, kwa sababu ya makorongo ya njia ile. Siku za kwenda kambini, kabla sijaondoka, yeye hukikaza, akauzungusha usukani kulia na kushoto mpaka mwisho, injini ikinguruma, huku ametega sikio.